Deki ya kurekodi DVD bado ina kazi kwangu

Wageni wakiiona deki yangu ya kurekodi DVD chini ya televisheni, huniuliza ya nini zama hizi za simu. Nahamishia kwenye DVD kanda za VHS za harusi za familia kabla hazijaota ukungu zote.

Kazi yenyewe nyepesi. Nachomeka waya wa rangi tatu kutoka deki ya kanda: wa njano hubeba picha, mweupe na mwekundu hubeba sauti. Mashine huibana picha kwa mfumo wa MPEG-2, kisha leza nyekundu huchoma alama ndogo mno kwenye tabaka la rangi lililo ndani ya DVD-R. Alama hizo hazifutiki. Ukitaka kufuta na kurekodi upya, nunua DVD-RW.

Kwenye ubora nina msimamo. Diski ya GB 4.7 hubeba saa 1 kwa XP, kiwango cha juu cha ubora wa kurekodi, 2 kwa SP, 4 kwa LP, na kwa EP, kiwango cha chini, hufika 6. Mimi ni SP tu. Kwa EP, ngoma ikikolea na akina mama wakianza kurusha khanga, picha huvunjika vipande vya mraba. Nyuso za mashangazi hazitambuliki tena, na nyuso hizo ndizo ninazozitaka.

Ukimaliza, usikimbilie kuitoa diski. Ingia kwenye menyu, chagua Finalize, subiri dakika chache. Mashine inakamilisha orodha ya yaliyomo, la sivyo deki nyingi za wenzako hazitaisoma. Na uifanye saa ambayo umeme wa mtaani kwenu haukatiki ovyo.