Usharika wetu mwaka huu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa! Paa la kanisa letu hapa Moshi limekamilika, tunashukuru. Lakini kilichonigusa zaidi ni jumuiya. Mwaka mzima tumesoma Waefeso 4, pale Paulo anapotutaka tukue, tusiwe tena watoto wachanga wa kuyumbishwa na kila upepo wa mafundisho. Na kweli watu wamekua! Ndugu wawili waliokuwa hawasalimiani kwa sababu ya mpaka wa kihamba (shamba la ukoo linalozunguka nyumba) walipatana mbele ya wazee wa kanisa. Sikukuu ya mavuno, mmoja alinunua mnadani mkungu wa ndizi wa mwenzake, kwa bei ya juu kabisa. Nililia, jamani. Vijana wa kipaimara nao wanatembelea wagonjwa katika hospitali ya KCMC. Jumapili ni ibada ya shukrani, saa moja asubuhi. Karibuni sana.