Kodi ya ugonjwa

Bili ya dola 214. Mnaojua kodi ya nyumba Kadutu, kwetu Bukavu, Kongo, pigeni hesabu wenyewe. Na sikuvunjika mguu, sikulazwa hata usiku mmoja. Ni kibrashi tu, mfano wa kile cha kusugulia chupa ya mtoto, kikapita kwenye mlango wa kizazi, kikachovywa kwenye kichupa cha dawa, basi. Kipimo cha kutafuta dalili za saratani, ambacho hapa Marekani sheria ya mwaka 2010 inazitaka bima nyingi zikilipe chote.

Mara ya kwanza kweli walilipa. Baada ya wiki mbili ikaja barua: sampuli "hairidhishi". Nikamsomea yaya wangu, mkubwa wangu wa tumbo moja, yuko Bukavu, kwa WhatsApp. Kabla sijamaliza alikuwa analia, na jioni kikundi chao kizima cha maombi kilikuwa na jina langu. Kumbe hairidhishi si ugonjwa. Kwa kichupa cha namna ile, maabara inataka seli zisizopungua 5,000 zinazoonekana vizuri. Mimi nilikwenda hedhi haijakatika sawasawa, damu ikazifunika. Hawawezi kusema mzima wala mgonjwa. Unarudia baada ya miezi 2 hadi 4. Nikarudia. Ndipo ikaja hiyo bili, na neno la bima: huduma hii tulishailipa mwaka huu.

Yaani mimi mwizi wa kipimo! Nani anapenda kupanda kile kitanda mara mbili?

Nikapiga simu, nikaomba mkalimani (ombeni jamani, hospitali ndiyo inamlipa, msione haya mkabaki kuitikia ndiyo ndiyo). Akaingia dada mmoja mwenye Kiswahili cha Dar: "Mama, kodi ya ugonjwa imekosewa." Nikawaka. Mshahara nakatwa kodi, nyumba nalipa kodi, sasa hata ugonjwa? Alicheka mpaka akaomba radhi. Kumbe ni "code" ya Kizungu, zile herufi na tarakimu zinazoiambia bima umekuja kufanya nini.

Mama wa ofisi ya malipo, ambaye nilikuwa nimejiandaa kugombana naye, akafungua faili akanisomea polepole. Ile mara ya pili waliandika Z01.419, uchunguzi wa kawaida usio na tatizo, kana kwamba ya kwanza haikuwahi kuwapo. Ilitakiwa R87.615: sampuli ya mlango wa kizazi haikufaa kusomwa. Wala daktari hakuandika popote kwamba maabara ndiyo iliyoikataa. Mama yule akamfuata daktari mwenyewe aongeze maelezo, wakatuma madai upya. "Usilipe hata senti kwanza," akaniambia.

Hapo ndipo paliponiuma. Tangu nifike nimelipa bili ngapi za makosa ya kalamu ya mtu? Kwetu unalipa kwanza ndipo unaguswa, na mzazi asiye na pesa anazuiliwa wodini na kichanga chake. Ukatili, lakini bei unaijua. Bukavu mimi kwa saratani hiyohiyo nilipakwa siki kwenye mlango wa kizazi, muuguzi akaangalia kwa macho, jibu nikalipata kabla sijavaa. Mnaojiandaa kuja, msitupe karatasi yoyote, hata bahasha.

Juzi imefika barua: deni 0. Nikampigia yaya kwa vigelegele, nikamsimulia yote. Akanyamaza mpaka mwisho.

"Sawa, mdogo wangu. Na majibu?"

Ikabidi niyatafute chini ya zile bili. Seli zimetosha, safi. Nirudi baada ya miaka 3.