Kumfukuza Bayi kwa Kamba ya Katani

Basi la Tanga lilitoka stendi ya Magufuli, Mbezi, alfajiri. Kwenye buti tulikuwa na futi kamba ya chuma ya mita 50, vigingi 12 vya nondo, nyundo, kamba ya nailoni, mfuko wa kilo 25 wa chokaa, vijiti viwili vya kupokezana, filimbi na saa mbili za kuhesabia sekunde. Kondakta akauliza kama tunakwenda kupima viwanja vya kuuza. Hakukosea sana. Shule moja ya sekondari ya Tanga ilikuwa ikijiandaa na UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, na walimu wa michezo walitaka wanafunzi wazione rekodi za dunia zimelala chini, kwenye majani, badala ya kuzisikia tu.

Basi lilipita Kibaha, ambako mkimbiaji Filbert Bayi alianzisha shule, kisha Chalinze. Segera tukakata kulia, njia ya Korogwe tukaiacha kushoto. Kuanzia Hale ni mkonge mistari kwa mistari, na Muheza ni machungwa dirishani, kwenye nyavu. Kange tukashuka. Wenyewe wanasema Tanga ni waja leo, waondoka leo. Sisi tulikuja Ijumaa tukaondoka Jumatatu.

Uwanja wa shule ulikuwa na takriban mita 130 kwa 70. Hapo ndipo walimu wengi hukwama, maana njia ya kawaida ya mita 400 yenye mistari minne ya kukimbilia inahitaji si chini ya mita 168 kwa 83. Wakiona haiingii, huzungusha wanafunzi kandokando ya uwanja wa mpira na kuuita mzunguko huo mita 400. Muda unaopatikana hapo hauna maana yoyote. Afadhali njia fupi iliyopimwa sawasawa kuliko ndefu ya kukisia, na ya mita 300 ina faida yake: mita 1500 ni mizunguko mitano kamili, na mita 3000 ni kumi. Unaanzia na kumalizia mstari uleule.

Tulipigilia kigingi A na kigingi B katikati ya uwanja, kimoja mita 60 kutoka kwa kingine. Kila kigingi ni kitovu cha nusu duara. Nusu kipenyo cha mstari wa chokaa ni mita 28.45, wala si 28.65 kama hesabu ya haraka inavyotoa, kwa sababu mkimbiaji hakanyagi juu ya mstari. Kanuni inasema mahali pasipo na ukingo ulioinuka, mzunguko hupimwa sentimita 20 nje ya mstari. Penye ukingo ni sentimita 30. Kwa hiyo mguu unapita kwenye 28.65, na kona mbili zinatoa mita 180. Ongeza nyoofu mbili za mita 60, unapata 300. Kuhakikisha nyoofu hazijapinda, pima pembe kwa pembe kati ya ncha nne za nusu duara: vipimo vyote viwili vitoke mita 82.69. Kikipungua kimoja na kuzidi kingine, umbo limelala upande.

Kosa letu lilikuwa kamba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Hiyo nailoni mnapimia nini?"

Mzee mlinzi wa shule aliwahi kufanya kazi shamba la mkonge. Alishika ncha ya kamba yetu, akavuta, na mita 28.45 ikawa karibu 29. "Hii ni mpira tu," akasema, akaenda stoo kuleta kamba ya katani. Kweli katani haikuvutika. Tukachora kona ya kwanza jioni ile. Asubuhi umande ulikuwa umeilowesha kamba iliyolala nje, na tulipoirudia kwa futi kamba ilikuwa imepungua sentimita 10. Mzee hakushangaa. Katani ikilowa nyuzi huvimba na kamba hufupika. Nailoni ikivutwa hurefuka. Kila moja ina uongo wake.

Sentimita 10 ni nini? Nusu kipenyo kikipungua hivyo, kila mzunguko unapungua sentimita 63, na mizunguko mitano inapungua mita 3.14. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, Bayi alikimbia mita 1500 kwa 3:32.16, John Walker wa New Zealand akafuata kwa 3:32.52. Wote wawili waliivunja rekodi ya Jim Ryun ya 3:33.1, iliyokuwa imesimama tangu 1967. Kwa mwendo wa Bayi wa mita 7.07 kila sekunde, kosa letu la kamba ni sekunde 0.44, wakati pengo lake na Walker lilikuwa 0.36. Umande wa usiku mmoja ungetosha kumgeuza wa pili kuwa bingwa.

Basi kamba ikabaki ya kuongozea mkono tu, na futi kamba ya chuma ikathibitisha kila hatua tano. Tahadhari nyingine: usifunge fundo la kukaza kwenye kigingi. Kamba hujizungusha kwenye nondo na kona inaishia ndani kuliko ilivyoanza. Funga kitanzi kilegevu kinachozunguka chenyewe. Chokaa iwe iliyozimwa; ile mbichi huunguza ngozi na macho, hasa majani yakiwa na maji. Mfuko mmoja ulitosha mstari wa ndani, mistari ya kuanzia na alama za kupokezana, ukabaki kidogo.

Mwalimu mmoja alikuwa na karatasi ya zamani inayosema mstari wa pili huanzia mita 7.04 mbele ya wa kwanza. Namba hiyo ni sahihi kwa njia yenye ukingo. Kwa chokaa tupu, na upana wa mita 1.22 kwa kila mstari, ni 7.67. Anayenakili 7.04 anamkimbiza mtoto wa mstari wa pili sentimita 63 za ziada, halafu anamwambia hana kasi.

Kabla ya mbio tuliwapeleka golini. Goli la mpira ni kipimo kizuri kwa kuwa kila mtoto analijua: upana mita 7.32, kimo 2.44. Javier Sotomayor wa Cuba aliruka juu mita 2.45 huko Salamanca mwaka 1993. Yaani ukingo wa chini wa mwamba wa goli, ongeza upana wa kucha. Wakasimama chini yake wakitazama juu, na kijana mrefu kuliko wote akaruka kuugusa kwa vidole, akaukosa. Kisha tukaweka kisigino cha futi kamba kwenye mlingoti mmoja na kuivuta kupita mlingoti wa pili hadi 8.90. Hapo ndipo Bob Beamon alipotua Mexico City, tarehe 18 Oktoba 1968: goli zima na mita 1.58 zaidi. Rekodi iliyokuwapo ilikuwa 8.35. Kifaa cha kupimia kwa macho kilichofungwa kando ya shimo la mchanga hakikufika alipotua, waamuzi wakalazimika kuleta futi kamba ya chuma. Nakiri hapo niliitazama ya kwetu kwa heshima mpya.

Kurusha mkuki tulikufanyia hesabu tu. Mkuki wenyewe hauchezewi penye watoto mia. Julius Yego wa Kenya, aliyejifunza mengi kwa kutazama video mtandaoni, alitupa mita 92.72 Beijing mwaka 2015 akawa bingwa wa dunia. Uwanja wa mpira wa shule ulikuwa mita 90, kwa hiyo bendera ikasimama nyuma ya wavu wa goli la pili. Katika uwanja wa mita 105 ungeanguka ndani ya boksi, kabla kidogo ya alama ya penalti.

Samatta wa mpira walimjua wote. Bayi, msichana mmoja aliinua mkono akasema ni jina la shule.

Mbio zenyewe tulizipanga hivi. 3:32.16 ukigawa kwa 15 ni sekunde 14.14 kwa kila mita 100. Wavulana 15, kila mmoja mita 100, dhidi ya mtu mmoja. Kwenye njia ya mita 300 vituo ni vitatu, watano watano kila kituo, na kila mmoja amebandikwa namba ya zamu kifuani. Bila namba wanasukumana na wawili wanatoka pamoja. Bayi alikuwa filimbi. Mshika saa alikuwa na orodha: 14.1, 28.3, 42.4, 56.6, na kuendelea hadi 3:32. Kila filimbi inapolia, Bayi amepita kituo. Si picha kamili, maana siku ile hakwenda kwa mwendo sawa: alitoka kwa kasi mwanzoni, akaongoza mwanzo hadi mwisho, na wenzake wakabaki kumfukuza. Ila kwa mafunzo inatosha.

Jaribio la kwanza kijiti kilianguka mara mbili, na filimbi ya mwisho ililia kijana wa 13 akiwa njiani. Kasi walikuwa nayo, ubovu ulikuwa kupokezana. Mpokeaji alisubiri amesimama, akageuka nyuma, akapokea kwa mkono wowote. Tukachora alama nyayo 15 nyuma ya kila kituo: mwenzako akiikanyaga, ondoka bila kutazama, mkono wa kushoto nyuma, kiganja wazi. Mtoaji anashika kwa kulia. Akishapokea, mkimbiaji anakihamishia kulia papo hapo. Jaribio la pili waliipita filimbi mzunguko wa nne. Wasichana wakapewa Faith Kipyegon wa Kenya, 3:48.68 za Eugene mwaka 2025, sekunde 15.25 kwa kila mmoja. Wao walikosa kidogo sana, wakadai mshika saa alipuliza mapema. Kesi hiyo haijaisha hadi leo.

Jumapili tulihamia barabara ya Raskazone, kabla jua halijawa kali. Kilomita moja tuliipima kwa baiskeli ya kuazima: utepe kwenye spoku, gurudumu limepimwa kwanza kwenye mita 100 za futi kamba, kisha unahesabu mizunguko. Pima gurudumu tena ukimaliza, kwa sababu tairi likipata joto hutanuka na hesabu huhama. Juma Ikangaa alishinda marathoni ya New York mwaka 1989 kwa 2:08:01, ambayo ni dakika 3 na sekunde 2 kila kilomita, mara 42. Kijana mmoja alishika mwendo huo hadi mita 600 hivi, akakaa kwenye ukuta wa bahari.

John Stephen Akhwari, mkimbiaji wetu wa marathoni, huwa anasimuliwa kama mtu wa huruma: aliyeanguka, akateguka goti, akaingia uwanjani Mexico City wakati watu wameanza kuondoka, wa 57 na wa mwisho. Huruma hiyo inaficha namba. Alimaliza kwa 3:25:27, dakika 65 nyuma ya mshindi, Mamo Wolde, na ukigawa ni 4:52 kwa kilomita, kwenye kimo cha mita 2,240, na goti likiwa limefungwa bandeji. Hewa ileile nyepesi iliyompaisha Beamon siku mbili kabla ndiyo inayowanyima wa mbio ndefu pumzi. Tulipowapa wanafunzi 4:52 kwa kilomita moja, miguu ikiwa mizima, usawa wa bahari, wengi waliipata. Tukawaambia warudie. Kilomita ya tatu walibaki wachache.

Mwisho tulipiga shubiri. Tokyo, kwenye marathoni ya tarehe 15 Septemba 2025, Alphonce Simbu wa Tanzania na Amanal Petros wa Ujerumani walipewa muda mmoja, 2:09:48, na picha ya mstari wa mwisho ikawatenganisha kwa sekunde 0.03. Kwa mwendo wa mita 6 au 7 kwa sekunde hiyo ni sentimita 20 hivi. Mzee mlinzi akaweka kiganja chake kwenye mstari wa chokaa, kidole gumba hadi cha mwisho, na watoto wakachuchumaa kutazama.

Vigingi A na B tuliviacha, vimezamishwa vidole vitatu chini ya majani ili visimkate mtu mguu, kila kimoja kimefunikwa kizibo cha soda. Chokaa huisha kwa mvua mbili. Wakitaka kuchora upya watachimbua vizibo, na kamba ya katani iko stoo, pakavu.