Fahali Hupimwa kwa Wenzake wa Rika

Kwa miaka mingi nilichagua fahali wa mbegu kwa macho. Nilizunguka zizi, nikatazama upana wa mgongo, ujazo wa mapaja na unyofu wa miguu, kisha nikanyoosha kidole. Fahali mmoja niliyemnunua kwa namna hiyo alikuwa amelelewa kwa pumba, mashudu na nafaka tangu alipoachishwa kunyonya, na ngozi yake iling'aa kana kwamba imepakwa mafuta. Miezi michache baada ya kumwachia malishoni pamoja na majike, mbavu zikaanza kuhesabika. Ndama wake nao walipokua hawakuwa na tofauti yoyote na ndama wa fahali aliyemtangulia, ambaye nilimuuza kwa sababu alionekana mwembamba. Aliyeniuzia hakunidanganya, kwa kuwa kila nilichokiona kilikuwepo. Kosa lilikuwa langu: nilinunua lishe nikidhani nanunua mbegu.

Umbo la mnyama hutokana na vinasaba alivyorithi pamoja na mazingira aliyokulia, na macho hayawezi kuvitenganisha viwili hivyo. Fahali hawapi ndama wake pumba alizokula. Huwapa nusu ya vinasaba vyake, basi. Kwa hiyo anayechagua fahali wa mbegu anapaswa kujiuliza ni kiasi gani cha ubora anaouona kitavuka kwenda kwa watoto, na jibu lake haliwezi kupatikana bila mzani, daftari na wanyama wengine wa kulinganisha naye.

Nitoe mfano wa hesabu ninayoifanya kila msimu wa kuachisha ndama. Ndama wa kwanza alizaliwa na kilo 34, na siku ya kupimwa alikuwa na siku 230 na kilo 218. Wa pili alizaliwa na kilo 32, akapimwa siku hiyohiyo akiwa na siku 180 na kilo 194. Mpita njia atamsifu wa kwanza. Lakini ukigawa kilo alizoongeza kwa siku alizoishi, utaona kwamba wa kwanza aliongeza gramu 800 kwa siku na wa pili gramu 900. Ukiwarekebisha wote wawili wawe na umri wa siku 205, ambao ndio umri unaotumiwa sana kwa kazi hii, wa kwanza anafika kilo 198 na wa pili anazidi kilo 216. Tena, ikiwa mama wa huyo wa pili ni mtamba aliyezaa kwa mara ya kwanza, anastahili kuongezewa kidogo, maana mtamba hutoa maziwa machache kuliko ng'ombe aliyekomaa. Bila tarehe ya kuzaliwa, hesabu yote hii haiwezekani, na ndiyo maana namthamini mchungaji anayeandika tarehe kuliko yule anayejua kusifia ng'ombe.

Hata hivyo, kilo zilizorekebishwa hazina maana mpaka zilinganishwe na za wenzake wa rika: ndama wa jinsia moja, waliozaliwa msimu mmoja, wakalishwa malisho yaleyale na kupata matunzo yaleyale. Ndama aliyepewa chakula cha ziada kwa sababu mwenye mifugo anampenda ametoka katika rika hilo, na kumlinganisha na wenzake ni kujidanganya. Vivyo hivyo, rika la ndama mmoja si rika, hata akiwa mzuri namna gani. Fahali aliyeshika nafasi ya kwanza kati ya 40 katika malisho makavu ananiambia mengi kuliko fahali mwenye kilo nyingi ambaye sijui alilelewa na nani wala alikula nini.

Hapo ndipo wengi hukata tamaa, kwa sababu hesabu inayofuata hupunguza sifa za mnyama. Tuseme fahali amewazidi wenzake wa rika kwa kilo 40 akiwa na umri wa mwaka mmoja. Kiwango cha kurithika kwa uzito wa umri huo ni takriban asilimia 40, yaani katika hizo kilo 40, makadirio ya zinazotokana na vinasaba ni kilo 16. Ndama huchukua nusu tu kutoka kwa baba, kwa hiyo tunatarajia wastani wa kilo 8 juu ya ndama wa fahali wa kawaida wa rika lile. Kilo 8 zinaonekana kidogo, lakini fahali mmoja huzaa ndama wengi, na mabinti zake wanaobaki zizini huziendeleza. Sifa za uzazi, kama vile muda kati ya kuzaa na kuzaa, hurithika kwa kiwango cha chini zaidi, mara nyingi asilimia 10 au pungufu. Huko matunzo hufanya kazi kubwa kuliko uchaguzi wa mbegu.

Historia ina onyo kwa sisi tunaopenda kuchagua kwa macho. Katikati ya karne ya 20, majaji wa maonyesho nchini Marekani walipendelea ng'ombe wafupi, wanene, waliojaa kama pipa. Wafugaji wakafuata tuzo, na katika koo za Hereford na Angus wakaanza kuzaliwa ndama vibete kwa wingi, kwa sababu kinasaba fiche cha ukibete, kisichojitokeza mpaka ndama akirithi kwa baba na kwa mama, kilikuwa kimesambaa kupitia mafahali waliosifiwa. Baadaye fasheni ikageuka, wakatafutwa ng'ombe warefu mno, ambao majike yao yalihitaji chakula kingi kuliko malisho mengi yanavyoweza kutoa.

Njia iliyotuondoa huko ni takwimu. Charles Henderson, aliyekuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Cornell, aliweka msingi wa milinganyo inayounganisha vipimo vya mnyama mwenyewe, wazazi, ndugu na watoto wake, huku ikiondoa athari za rika. Mwaka 1971, chama cha wafugaji wa ng'ombe wa koo ya Simmental wa Marekani kilichapisha orodha yake ya kwanza ya kitaifa ya tathmini ya mafahali. Siku hizi orodha za namna hiyo huambatana na kiwango cha uhakika kati ya 0 na 1, na mimi husoma kiwango hicho kabla ya kusoma sifa zenyewe. Fahali kijana asiye na watoto hukadiriwa zaidi kwa wastani wa wazazi wake, ilhali ndugu wa baba mmoja na mama mmoja hutofautiana sana, kwa kuwa kila mmoja alipata nusu yake tofauti. Kipimo cha vinasaba, kilichopata msukumo baada ya ramani ya jenomu ya ng'ombe, yaani ya vinasaba vyake vyote, kuchapishwa mwaka 2009, hupandisha uhakika huo mapema, lakini hutegemea kuwepo kwa maelfu ya wanyama wa koo hiyohiyo waliokwisha kupimwa kwa mzani.

Sifa nazo huvutana. Ukifuata ukuaji peke yake, uzito wa kuzaliwa hupanda nao, na mitamba huanza kuzaa kwa shida. Kwa mitamba natafuta fahali ambaye tathmini yake ni ya uzito mdogo wa kuzaliwa na ukuaji mzuri baadaye. Wapo, ila ni adimu, na wenye nao wanajua.

Macho sijayaacha. Kwato, viungo, meno na mwendo hayamo katika orodha nyingi, na fahali asiyeweza kutembea hapandi. Mzunguko wa mfuko wa korodani naupima kwa utepe: vigezo vinavyotumiwa sana Marekani hutaka usipungue sentimita 30 kwa fahali wa hadi miezi 15, na mabinti wa mafahali wenye mzunguko mkubwa kwa kawaida hubalehe mapema. Msimu huu nimewaingiza mafahali vijana watatu badala ya mmoja, kwa kuwa uhakika wa kila mmoja bado ni mdogo. Majike nimewagawa kwa kura, nisije nikampa nimpendaye majike bora bila kujijua.