Msasa ndio wa mwisho

Mtu akishika kichwa nilichokitengeneza kwa karatasi, akapitisha kidole shavuni, swali huwa moja tu: umetumia msasa namba ngapi? Namba namtajia, lakini haitamfaa kitu.

Karatasi ni nyuzi zilizoshikana. Ukiisugua ikiwa kavu, nyuzi hazikatiki, zinasimama. Unabaki na manyoya, na kadiri unavyoyakazania ndivyo yanavyozidi. Kinachokubali msasa ni chaki, ule unga mweupe uliomo ndani ya puti, lile rojo la kuzibia maungio ya bodi za ukutani. Kwa hiyo kazi nzima ya kulainisha ni kuhakikisha kwamba pale juu, mkono unapogusa, pana chaki na gundi, na karatasi imebaki chini kushikilia umbo. Na hata hiyo chaki, sehemu kubwa ya ulaini wake huipata ikiwa bado na unyevu, siyo baadaye.

Vinundu vingi huanzia kwenye kiunzi. Nakifanya kwa magazeti yaliyofinyangwa na kuzungushiwa tepu ya karatasi, nikivuta tepu hadi umbo likaze na lisibonyee kwa kidole gumba. Kiunzi kinachobonyea kitanywea gundi ikilowa, na shimo litatokeza juu hata ulifunike kwa tabaka tano. Baada ya hapo nabandika vipande vya gazeti. Vinachanwa kwa mkono, havikatwi kwa mkasi, kwa sababu ukingo uliochanwa ni mwembamba na unajificha chini ya mwenzake, wakati ukingo wa mkasi unaacha ngazi. Gazeti lina upande wake wa kuchanika: ukilivuta upande mmoja linakwenda mstari mnyoofu, upande wa pili linakwenda hovyo. Jaribu kwanza pembeni. Kwenye paji la uso tumia vipande vipana. Kwenye pua na masikio, vidogo kama stempu, la sivyo vitajikunja, na kila kunjo ni mlima utakaoupanda tena baadaye.

Gundi ya unga wa ngano naipika, kisha naipitisha kwenye chujio. Watu wengi huruka hatua hiyo, halafu wanashangaa vile vipele vinatoka wapi.

Tabaka mbili tatu zikishakaa, naacha zikauke kabisa. Feni inasaidia kuliko joto, maana joto kali hukausha ngozi ya nje na kuacha maji yamefungwa ndani, na hapo ndipo sanamu inapopinda au kuota kuvu. Kujua kama imekauka, iguse kwa shavu. Ikiwa ya baridi kuliko vitu vingine mezani, bado ina maji.

Sasa udongo wenyewe, yaani ule mchanganyiko wa karatasi na puti ninaoutandika juu ya tabaka hizo. Natumia karatasi za chooni kwa sababu zimetengenezwa ili zisambaratike majini. Zile taulo za karatasi za jikoni zimetengenezwa kwa kusudi la kinyume kabisa, na utazisaga hadi uchoke. Naloweka, nakamua hadi maji yaache kuchuruzika, kisha nazichambua kwa vidole. Kikombe kimoja cha karatasi iliyokamuliwa, kikombe kimoja cha puti ya kuungia bodi za jipsamu, nusu kikombe cha gundi nyeupe ya mbao. Puti iwe ile inayouzwa imeshakorogwa, kwani ile ya unga inayoganda yenyewe itakugandia ndani ya bakuli. Napiga kwa mashine ya kukorogea kwa muda mrefu kuliko unavyodhani inatosha, kisha naongeza unga wa ngano kijiko kwa kijiko hadi udongo uache kung'ang'ania vidole. Tone la mafuta ya kitani linaufanya uteleze. Ukibaki, ufunike vizuri na uuweke kwenye friji, maana unga huchacha.

Huo ni udongo wa mwili. Udongo wa vitu vidogo ni mwingine, na hapa ndipo ninapobishana na wenzangu wengi wanaotaka mchanganyiko mmoja ufanye yote. Udongo wenye nyuzi nyingi ni imara lakini hauchongeki ncha. Ukijaribu kuchora mstari kwa sindano, sindano inaburura unyuzi, na mstari unakuwa na ndevu. Wenye chaki nyingi unachongeka vizuri sana lakini ukitandikwa mnene unapasuka. Basi kila mmoja upewe kazi yake: wa kwanza ujenge shavu, taya na fuvu, wa pili uwe tabaka jembamba kwenye kope, midomo na kucha. Wa pili naupata kwa kuchukua sehemu ya ule wa kwanza, kuongeza puti maradufu na gundi kidogo, kisha kuukandamiza kupitia chujio la matundu madogo. Kinachobaki juu ya chujio ni mabonge ya nyuzi, nayo yanarudi kwenye kichwa kwa ajili ya nywele.

Daktari Mfaransa Louis Auzoux (1797–1880) alitengeneza kwa karatasi miili ya kufundishia udaktari, inayofunguka kiungo kwa kiungo. Mchanganyiko wake haukuwa karatasi na gundi peke yake. Alitia pia unga wa koki, lile gome la mti linalotengenezewa vizibo vya chupa, akaukandamiza mchanganyiko ndani ya kalibu. Siri ni ile ile: kadiri punje zinavyokuwa ndogo, ndivyo alama inavyokubali kuwa ndogo.

Turudi kwenye saa ile ya unyevu. Natandika udongo wa mwili mwembamba, milimita tatu hivi, naupa umbo kwa vidole bila kuhangaikia alama zake, kisha naondoka. Nikirudi naugusa. Kama unanata, bado. Kama ukucha hauingii, nimechelewa. Panapotakiwa ni pale kidole kinapotoka kikavu lakini ukucha ukiacha alama. Hapo nachovya mgongo wa kijiko majini, naukung'uta, napitisha kwa mizunguko midogo bila kukandamiza. Nyuzi zinalala, chaki inapanda juu, na uso unaanza kuwa na mng'ao hafifu. Maji yakizidi, chaki inaoshwa na nyuzi zinaibuka tena, ndiyo maana kijiko kiwe na unyevu tu. Anayeipata hatua hii vizuri karibu hana kazi na msasa.

Kope nitalieleza kwa kirefu kwa sababu ndilo linaloua sura nyingi. Jicho lenyewe ni gololi ya kioo, nusu yake imezama kwenye tundu lililokwisha kauka. Navingirisha kijiuzi cha udongo laini, chembamba kuliko njiti ya kiberiti, nakilaza juu ya gololi. Ukingo wake wa juu nausugua kwa brashi yenye unyevu hadi uungane na uso na usionekane umeanzia wapi. Ukingo wa chini siugusi kabisa. Unatakiwa ubaki na unene wake, kwa kuwa kope la mtu lina unene, na ule unene ndio unaotupa kivuli juu ya jicho. Kope la chini ni jembamba zaidi, na kwenye pembe ya nje la juu linapita juu yake kidogo. Halafu angalia duara lilivyo: mahali kope la juu linapoinuka zaidi ni karibu na pua, na mahali la chini linapozama zaidi ni karibu na pembe ya nje. Ukizipanga sehemu hizo mbili zitazamane wima, utapata jicho la mwanasesere. Mkunjo ulio juu ya kope nauchora wakati udongo umeanza kugoma, kwa kijiti kilichochongwa bapa, tena nauchora kwa kina kuliko macho yanavyotaka. Udongo utasinyaa ukikauka, kisha praima, ile rangi ya kwanza ya chini, na rangi yenyewe vitajaza kilichobaki.

Mikunjo ya shingo ya mzee wala siichongi. Nachukua tishu, natenganisha tabaka zake, nalaza moja juu ya gundi iliyozimuliwa kwa maji, naisukuma kwa brashi upande mmoja. Inajikunja yenyewe kwa namna ambayo mkono hauwezi kubuni.

Udongo ukikauka, napaka puti iliyochanganywa na gundi kidogo na maji, nzito kama rangi iliyotoka tu koponi, kwa brashi laini, tabaka mbili nyembamba. Kisha nazima taa ya dari na kuweka tochi pembeni ya kichwa, mwanga ukisafiri sambamba na shavu. Taa ya juu inaficha kila kitu. Tochi ya pembeni inaonyesha kila bonde. Nazungushia mabonde kwa penseli, nayajaza, nasubiri. Msasa ndipo unapoingia, na namba ikiwa kubwa msasa ni laini zaidi: 150 mahali pakorofi, 220 kwingine, 320 kwa shavu na paji, yote kwa mkono mwepesi. Vaa barakoa, tafadhali. Vumbi la puti huweza kuwa na silika, punje ngumu kama za mchanga, na mapafu hupata shida kuitoa.

Huko Lecce, kusini mwa Italia, mafundi wa sanamu za watakatifu hulikabili tatizo hili kwa njia nyingine: hupitisha vyuma vya moto juu ya karatasi iliyokwisha kauka, wakaibana na kuisawazisha kabla ya kupaka chaki na rangi. Naiheshimu njia hiyo, lakini nina tepu na magazeti chini ya kila kichwa changu, kwa hiyo nabaki na kijiko.

Siyo kila mahali palainishwe. Nywele, nyusi na ndevu naziacha na yale mabonge ya nyuzi, nikiyachana kwa uma yakiwa mabichi. Shavu huonekana laini zaidi likipakana na kitu kisicho laini, na pia unajipunguzia kazi, jambo ambalo sioni haya kulisema.

Praima ya kijivu kwanza, maana rangi moja inafichua makosa ambayo weupe wa puti na madoa ya penseli yalikuwa yanayameza. Rangi ikishakauka, vanishi isiyong'aa kichwa kizima. Ya kung'aa ni ya jicho peke yake, pamoja na mdomo wa chini ikiwa mhusika ni kijana. Ukiipaka usoni kote, kila kinundu ulichodhani umekimaliza kitashika mwanga wake na kujitangaza.