Kumtumikia Aset nikiwa Tanga

Watu wachache wanaojua kwamba ninamwabudu Aset, mungu wa kike wa Misri ya kale ambaye Wagiriki walimwita Isis, huniuliza kwanza ananipa nini. Swali hilo linaeleweka katika mji kama Tanga, ambako mtu akipeleka sadaka kwa mizimu ya Mapango ya Amboni huwa ana haja yake: mtoto, kazi, au ugonjwa uliokataa dawa. Mimi sina ninachomdai. Ibada yangu ni utumishi, na utumishi huo kwa sehemu kubwa ni kazi ya mikono.

Ninaishi Ngamiani katika nyumba ya shangazi yangu, mtu wa swala tano, na picha ya mungu wa Misri haiwezi kutundikwa kwenye ukuta wake. Kwa hiyo Aset yumo kabatini, rafu ya juu, nyuma ya milango miwili. Hilo halinisumbui hata kidogo, kwani katika mahekalu ya Misri pia sanamu ilikaa ndani ya kasha lenye milango, na kila asubuhi kuhani alivunja muhuri wa udongo, akafungua, akafukiza, akaivisha na kuipaka manukato, kisha akafunga tena. Picha yenyewe niliichapisha steshenari: mwanamke aliyeketi akimnyonyesha mwanawe Horus, na kichwani amebeba kiti cha enzi. Zile picha zinazomwonyesha na pembe za ng'ombe zilizokumbatia duara la jua nilizikataa kwa makusudi, kwa sababu pembe hizo zilikuwa za Hathor kabla ya Aset kuvikwa, nami ninamtaka kwa alama yake mwenyewe.

Asubuhi ninanawa, ninabadilisha maji ya bilauri, kisha ninawasha kipande cha kifuu katika chetezo cha udongo. Ubani ukiwekwa juu yake hautoi moshi papo hapo. Kwanza kingo zake hulainika na kung'aa, povu dogo huchemka upande uliogusa kaa, ndipo uzi mweupe wa moshi unaponyooka. Katika muda huo mfupi ndipo ninapotaja jina lake. Kila siku ya kumi ninaongeza maziwa, kwa kuwa makuhani wa hekalu lake katika kisiwa cha Philae, mtoni Nile, walimvusha Aset kila baada ya siku kumi hadi kisiwa jirani cha Bigeh, akamimine maziwa kwenye kaburi la mumewe Osiris. Tende ninazomwekea ninazila mwenyewe baadaye. Huo nao ni utaratibu wa kale, maana chakula kilichotolewa mbele ya mungu kiligawiwa makuhani, na ninaona ni utaratibu wa heshima kuliko kuacha chakula kioze mahali patakatifu.

Moshi hauna siri. "Mwanangu, una ruhani?" shangazi aliniuliza. Nilimjibu kwamba hakuna anayenipanda. "Basi huo ubani ni wa nani?" Nilimweleza kadiri nilivyoweza, nikafika hadi kwenye nyota ya Sirius, ambayo Wamisri waliihusisha na Aset na ambayo kuonekana kwake tena alfajiri, baada ya kupotea kwa takriban siku 70, kulitangaza mwaka mpya na mafuriko ya mto Nile. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akanisomea aya ya 49 ya Suratun Najm, inayosema kwamba Mwenyezi Mungu ndiye Mola wa nyota hiyo hiyo. Sikumbishia. Alichoniomba ni kwamba nisiwashe kaa dirisha likiwa limefungwa.

Ninachokibishia ni madai ya baadhi ya wenzangu katika upagani wa kisasa kwamba ibada hii haikuwahi kukatika. Ilikatika. Maandishi ya mwisho yanayojulikana ya hiroglifu, yaani mwandiko wa picha wa Misri ya kale, yalichongwa Philae mwaka 394, na katika karne ya 6 Justinian, mfalme Mkristo wa dola ya Roma ya Mashariki, aliamuru hekalu la Philae lifungwe, kisha likawa kanisa. Fellowship of Isis, jumuiya iliyowafikisha wengi kwa mungu huyu, ilianzishwa Ireland mwaka 1976. Baina ya tarehe hizo kuna zaidi ya miaka elfu moja bila kuhani, na yeyote anayefufua ibada hii anaunganisha vipande kutoka kwenye maandishi na kuta za mahekalu. Vilevile sikubali wanaponiambia kwamba ubani wa pwani yetu ni urithi wa Aset. Ni kweli kwamba katika karne ya 1 merikebu zilitoka Berenike, bandari ya Misri iliyokuwa na hekalu la Isis, zikafika pwani hii kununua pembe za ndovu na magamba ya kasa. Lakini baharia kupita na mungu wake moyoni hakumfanyi mwenyeji kuwa muumini.

Kalenda nayo nimeilazimisha ikubali ninapoishi. Kwa kuwa Tanga iko takriban digrii 5 kusini mwa ikweta, Sirius hurejea machoni mwetu mapema kuliko Cairo, na mimi ninafuata anga yangu: katika alfajiri za kipupwe, mawingu yakiruhusu, ninaitafuta Raskazone juu ya bahari.

Kwa siku hiyo ninaandaa kyphi, uvumba wa mahekaluni ambao Plutarch, mwandishi Mgiriki wa kale, aliutajia viungo 16. Asali, zabibu na manemane hupatikana bila shida. Iliki inatoka Amani, na ndago ninawang'olea bure wakulima wanaoilaani. Divai sitaiingiza katika nyumba ya shangazi, kwa hiyo zabibu nitaziloweka kwa maji, na anayeona hiyo si kyphi halisi ana haki ya kulalamika. Kinachonikwamisha ni tunda la mreteni, mti ambao Waingereza huuita juniper. Mwangati wa misitu ya Shume, kule Lushoto, ni wa jamii hiyo, na ninatafuta mtu wa huko atakayenichumia kiasi cha kiganja kimoja kabla ya Julai.