Michungwa yangu katika baridi ya Uyole

Ukimwambia mtu wa Mbeya kwamba unataka kupanda mchungwa nyumbani, atakushangaa. Parachichi sawa, migomba sawa, hata matofaa. Lakini machungwa, atakwambia, ni ya Muheza na kwingine kwenye joto, huku baridi itayaua. Mimi naishi Uyole, mwinuko unaokaribia mita 1,800, na uani kwangu ipo michungwa, mchenza na mlimao, na yote inazaa. Naandika haya kwa sababu inaniuma kuona watu wenye nafasi nzuri ya kupanda wakinunua machungwa ya mafungu mwaka hadi mwaka kwa kuamini maneno hayo.

Tuanze na baridi yenyewe. Mchungwa husimama kukua joto likishuka chini ya nyuzi 13 hivi, na usiku wa Juni na Julai kwetu hushuka zaidi ya hapo. Lakini mti uliosimama kukua haujafa. Unasubiri tu, na joto likirudi unaendelea. Kinachoua ni sakitu, ile inayounguza viazi Makete na kwenye mabonde ya Njombe. Hewa ya baridi ni nzito, hutiririka kwenda bondeni na kutulia huko. Kwa hiyo nilianza kwa kutafuta mahali pa kupanda, kabla hata ya kufikiria aina ya mche.

Sisi tuko kusini mwa ikweta, na katika miezi ya baridi jua hupita upande wa kaskazini. Nyumba yetu ni ya tofali za kuchoma, na ukuta wake wa kaskazini hupigwa na jua mchana kutwa. Jua likizama ukiuwekea kiganja unakuta bado una joto. Nikapanda upande huo, hatua nne hivi kutoka ukutani ili mizizi na matawi yapate nafasi, na nyumba yenyewe ikawa kinga ya upepo mkali wa Agosti na Septemba. Kama una uwanja wa mteremko, panda juu, usipande kule chini maji yanakokusanyikia. Hilo tu linaweza kuamua kama utakula machungwa au la.

Udongo wetu umetokana na majivu ya volkano. Ni mwepesi, na ukichimba kidogo unakutana na mawe madogo yenye vitundu ambayo ukiyatia majini yanaelea. Kwa mchungwa hii ni neema, maana mizizi yake haivumilii maji yaliyotuama. Ikikaa kwenye maji shina huoza pale chini na kutoa gundi. Ubaya wake ni kwamba udongo huu hukauka upesi na mbolea huoshwa na mvua. Nilichimba mashimo ya sentimita 60 kila upande, nikatenga udongo wa juu, nikauchanganya na samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri, nikaurudisha. Nikaacha utulie mpaka mvua za Desemba zilipokolea, ndipo nikapanda.

Miche nilinunua kwa mzee mmoja anayeuza kandokando ya barabara.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Unataka ya mbegu au ya kubebesha?"

Nilipomuuliza tofauti akanijibu kwamba wa mbegu utakula wanao wakishaoa. Akanionyesha lile kovu kwenye shina, sehemu ambapo kikonyo cha mchungwa kiliungwa kwenye shina la mlimao, akaliwekea kidole. "Hapa usipafukie kamwe. Pabaki juu, paone jua." Ni ushauri wa maana sana. Ukipafukia, mchungwa unaweza kuota mizizi yake wenyewe, au ugonjwa wa gundi ukaingilia hapo. Na chochote kitakachochipua chini ya kovu hilo ni mlimao wa chini unaotaka kutawala: una miiba mirefu, unakua haraka kuliko mchungwa wenyewe, na ukiuacha utakunyang'anya mti. Mimi huyang'oa maotea hayo kwa vidole yangali laini.

Mchungwa mmoja ni Washington Navel, lile chungwa lenye kitovu. Halina mbegu, kwa hiyo popote duniani huendelezwa kwa kubebesha tu. Lilitokea Bahia nchini Brazili, na umaarufu ukaja lilipopandwa Riverside, California, miaka ya 1870. Nililichagua kwa kuwa halipendi joto kali, na kwetu joto kali halipo. Mwingine ni Valencia, unaochelewa kuiva.

Sasa nije kwenye jambo lililonisumbua kuliko baridi, na ambalo watu wengi wa nyanda za juu hawaambiwi. Mvua zilipochipusha majani mapya, niliona majani machanga ya mlimao yamejaa vipele kwa juu, kama ngozi ya mtoto mwenye tetekuwanga. Nikaligeuza jani moja. Nyuma ya kila kipele palikuwa na kijishimo, na ndani ya kijishimo kijidudu bapa cha manjano iliyofifia, chenye nyuzi nyeupe pembezoni, kimejibana hakisogei. Pembeni mwa majani machanga zaidi kulikuwa na mayai ya manjano yaliyopangana. Na kwenye kikonyo walikaa wakubwa wao, wadogo kuliko mbu, wenye mabawa, wameinua sehemu ya nyuma juu kana kwamba wamesimamia kichwa.

Afisa ugani alipopita nikamwonyesha. Akanitajia jina lake, Trioza erytreae, akanieleza kwa nini niko kwenye eneo lake: mdudu huyu anapenda ubaridi na unyevu, joto kali likichanganyika na ukavu humuua. Ndiyo maana kwenye joto hawi tishio kubwa kama huku kwetu milimani. Vipele vyenyewe haviui mti. Tatizo ni kwamba mdudu huyu hubeba bakteria wa ugonjwa wa griningi, na aina ya bakteria iliyozoea Afrika nayo inapenda ubaridi. Mti ukishaugua hauna dawa. Majani hupata mabaka ya manjano yasiyolingana, matunda yanapinda upande mmoja na kuwa machungu, na mti unadhoofika hadi ufe. Mti wa namna hiyo ni kung'oa tu, usiwaambukize wenzake.

Nilichofanya kinahitaji macho zaidi ya fedha. Machipukizi yaliyojaa vipele niliyakata, nikayafungia kwenye mfuko na kuyachoma. Mdudu hutaga kwenye jani changa tu; jani likishakomaa na kuwa gumu halimfai. Kwa hiyo kila miti inapochipua ndipo ninapokuwa mlinzi: jioni, jua likiwa limepoa, napuliza mafuta ya mwarobaini yaliyochanganywa na maji na sabuni kidogo, nikielekeza chini ya majani, narudia kila wiki mpaka majani yakomae. Kipindi cha maua sipulizi kitu chochote, kwa ajili ya nyuki.

Na jambo jingine ninalolishikilia sana: miti yote naipogolea na kuiwekea mbolea kwa wakati mmoja, ili ichipue pamoja na kunyamaza pamoja. Ukiwa na mti mmoja unachipua leo, mwingine mwezi ujao, unamwandalia mdudu chakula mfululizo. Mlimao ndio mgumu, maana huchipua karibu mwaka mzima, na ndio anaoupenda zaidi. Huo naukagua kila ninapokwenda kuchuma limao la chai.

Kuna manjano nyingine ambayo haipaswi kukutisha. Julai majani ya michungwa yangu hupauka, hasa yale ya zamani. Mwanzoni mama mkwe alisema mti una njaa, tuuongezee mbolea. Lakini udongo ukiwa baridi mizizi hainyonyi chakula vizuri hata kama kipo tele, na mbolea utakayoweka wakati huo itapotea. Nilimwomba tusubiri, na Oktoba joto liliporudi kijani kikarudi. Namna ninavyotofautisha ni kulikunja jani kwenye mshipa wa katikati na kulinganisha pande mbili. Manjano ya baridi au ya upungufu wa madini hulingana kulia na kushoto. Mabaka yakiwa hayalingani kabisa, upande mmoja kijani na mwingine manjano, hapo ndipo pa kuwa na wasiwasi.

Viwavi navyo vipo. Wakiwa wachanga hufanana na kinyesi cha ndege, wakikua wanakuwa kijani, na ukiwagusa hutoa pembe mbili za rangi ya chungwa zenye harufu kali. Watoto wangu wanajua kuwatafuta na ndio wanaowaokota. Kwa mti mdogo wa nyumbani hakuna haja ya dawa.

Maji: kuanzia Mei hadi Oktoba huku hakuna mvua ya kutegemea, na kwa udongo wetu mti mchanga unataka debe moja kila wiki. Ninatandaza maganda ya maharage na majani makavu ya mgomba chini ya mti, nikiacha nafasi ya shubiri moja kulizunguka shina lisishikwe na unyevu. Samadi naiweka mvua zinapoanza, usawa wa ncha za matawi, maana mizizi inayokula iko huko. Mbolea ya chumvichumvi naweka kidogo, ardhi ikiwa na maji.

Maua hutoka joto linaporudi, Septemba hivi, na uani kote hunukia. Usihuzunike yakidondoka, mengi lazima yadondoke, hata vitunda vya ukubwa wa njegere hupukutika, kwa sababu mti hauwezi kubeba vyote. Matunda ya kwanza kabisa, mti ukiwa bado kijana, niliyaondoa yangali madogo. Mama mkwe alinisihi, "Mwanangu, acha hata moja tuonje." Tuliacha moja. Mengine yote niliyatoa ili nguvu iende kwenye mizizi na matawi, na nadhani ndiyo sababu miti imekuwa imara.

Huku tunda huchelewa. La Septemba huvunwa Julai au Agosti ya mwaka unaofuata, na Valencia hupitiliza hapo. Lakini baridi ya usiku ina zawadi yake: ndiyo inayoondoa kijani kwenye ganda. Machungwa ya pwani huiva yangali kijani kwa sababu usiku kule hauna ubaridi wa kutosha. Yangu yanakuwa na rangi kamili, na ladha yake ni kali kidogo, tamu yenye uchachu. Siyachumi kwa kuangalia rangi, kwani hutangulia utamu. Nakata moja, naonja. Kama bado nayaacha, maana chungwa halizidi kuwa tamu likishatoka mtini, na mtini linaweza kukaa wiki nyingi bila kuharibika. Nakata kwa mkasi, nikiacha kikonyo kifupi, kwa sababu ukilivuta ganda huchanika na tunda huoza.

Siku hizi majirani walewale wanakuja kuomba vikonyo wakabebeshe kwao. Mbegu za mlimao za kuoteshea shina la chini nawapa bure. Vikonyo nakata kwenye mti ambao nimeuangalia majani yake misimu yote bila kuona mabaka, wala sichukui kwenye tawi lililowahi kuwa na vipele, kwa sababu griningi husafiri ndani ya kikonyo kimya kimya na kuonekana baadaye kwenye uwanja wa mwenzako. Mchenza bado nauangalia. Una tawi moja ambalo majani yake sijayaelewa, na mpaka msimu wa kuchipua upite, mwenye kuuomba namwambia asubiri.